Kwa Nini Waliojitolea Ng'ambo Hujitolea Tena Wakirudi Nairobi?

Mtu amemaliza miaka miwili akifanya kazi ya kujitolea Nepal, Sierra Leone au Papua New Guinea. Amerudi Nairobi, anatafuta kazi, mwenye nyumba anadai kodi, na nyumbani kijijini wanamsubiri kwa hamu. Miezi michache baadaye unasikia amechaguliwa katibu wa chama cha waliorudi: hakuna mshahara, hakuna marupurupu, na Jumamosi zake zinaliwa na vikao. Kwani hakuchoka?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba ana moyo. Sikatai, lakini watu wenye moyo ni wengi na si wote wanaokubali kushika daftari la michango. Ukiangalia kwa karibu utaona sababu nyingine. Mashirika yanayopeleka watu nje yamejipanga vizuri kwa safari ya kwenda, na kwa safari ya kurudi hayajajipanga sana. Kabla ya kuondoka kuna semina, chanjo, bima, mtu wa kukupokea uwanja wa ndege. Ukirudi kuna tikiti, kuna malipo kidogo ya kumalizia, kisha ni wewe na sanduku lako pale uwanja wa ndege wa JKIA. Pengo hilo halina mwenyewe, na anayelifahamu ni yule aliyewahi kutumbukia ndani yake.

Wakenya wengi wakisikia habari za kujitolea ng'ambo humwazia mzungu aliyekuja huku. Hawajakosea kihistoria. VSO, shirika la Uingereza la kupeleka watu nje kujitolea, ilianzishwa mwaka wa 1958 na Alec Dickson na mkewe Mora. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la kazi hiyohiyo, ilifuata mwaka wa 1961 chini ya Rais Kennedy, na kufikia mwisho wa 1964 watu wake walikuwa wameshaingia Kenya. Taifa lilikuwa changa, walimu hawatoshi, na shule za harambee zilikuwa zinachipuka kila kona. Hata leo hukosi mzee wa kukusimulia kuhusu mwalimu wake wa hisabati kutoka Marekani aliyejifunza kula ugali na kusalimia kwa Kiswahili cha kuchekesha.

Lakini njia hiyo ina pande mbili siku hizi. Mpango wa Wahudumu wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, unaojulikana kama UNV, ulianzishwa na Baraza Kuu mwaka wa 1970, na Wakenya wengi wamepitia humo: wahandisi, wauguzi, wataalamu wa uchaguzi, watu wa usambazaji wa misaada. VSO nayo ilifungua mlango wa kuwapeleka Wakenya nje kupitia shirika lake la Kenya, VSO Jitolee. Norwei ilibadilisha mfumo wa shirika lake la kujitolea mwaka wa 2000 ili watu wabadilishane pande zote, na shirika hilo sasa linaitwa Norec. Ujerumani ina programu ya weltwärts, iliyoanza mwaka wa 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani nje, na tangu 2013 ikaanza kupokea vijana kutoka nchi kama zetu. Umoja wa Afrika una mpango wake wa vijana ulioanza 2010. Kwa hiyo Nairobi leo ina watu wengi tu waliowahi kutumika mbali na kwao, wengine wakiwa na ujuzi wa miaka kumi hata kabla ya kuondoka.

Sasa, kurudi kunauma vipi? Watafiti walilishughulikia suala hili zamani. Mwaka wa 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norwei, alieleza jinsi Wanorwei 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright walivyoizoea nchi ngeni: mwanzo furaha, kisha kuporomoka, kisha kupanda tena. Mwaka wa 1963 wanandoa Wamarekani, John na Jeanne Gullahorn, wakaongeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mtu akirudi kwao huporomoka mara ya pili, kwa mtindo uleule. Sababu yake si ngumu. Ukienda ugenini unajua fika kwamba utakuwa mgeni, unajiandaa. Ukirudi kwenu huna maandalizi yoyote, maana nani hujiandaa kuishi kwao?

Ila tafiti hizo zilihusu Wanorwei na Wamarekani. Hapa Nairobi kuna mawili zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoeleza kwa nini vyama hivi vinahitajika sana.

La kwanza ni pesa. Mkenya akipanda ndege, mtaani anahesabiwa kuwa ametoka kimaisha. Hakuna anayetofautisha aliyekwenda Dubai kwa mkataba wa kazi na aliyekwenda Guyana kwa posho ya kujikimu. Posho ya kujikimu ndivyo ilivyo: inatosha chakula, pango na nauli ya huko, basi. Anaporudi, binamu anataka karo, shangazi anataka mabati, na kamati ya harusi imeshaliandika jina lake kwenye orodha ya watoaji wakubwa kabla hajafungua begi. Akisema hana, anaonekana bahili. Mmarekani aliyerudi kutoka Kenya hulalamika kwamba jirani anamsikiliza dakika mbili kisha anabadilisha mada. Mkenya aliyerudi angeomba Mungu ampe jirani wa aina hiyo.

La pili ni kazi. Kwetu kujitolea ni jambo la kijana aliyemaliza chuo na hajapata pa kujishikiza, anayesaidia ofisini akisubiri nafasi itokee. Sasa muuguzi aliyesimamia wodi nzima nje ya nchi akiandika hivyo kwenye wasifukazi wake, wasaili wanamuuliza: "Kwa hiyo miaka hii miwili hukuwa na kazi?" Hapo ndipo unahitaji mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo na akapata jibu.

Na mtu huyo ndiye mwenyekiti wa chama.

Tazama kikao kimoja cha kawaida. Ni Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa ulioazimwa au meza mbili zilizounganishwa kwenye mkahawa kando ya Ngong Road, ambako kila mtu anajilipia chai yake. Kikao kilipangwa saa nane, kinaanza saa tisa kasorobo. Katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mweka hazina anafungua daftari, anasoma nani ametuma mchango kwa M-Pesa na nani bado, halafu anasubiri mtu aseme "wasomee tena" kwa sauti ya utani ili wadaiwa wasikie vizuri. Kuna rambirambi, maana lazima pawe na msiba wa mtu. Kuna mjadala mrefu kuhusu shughuli ya tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya wanaojitolea iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1985: tupande miti au tutembelee kituo cha watoto? Kisha anatambulishwa aliyerudi juzi. Anaambiwa ajieleze. Anasema mambo mawili matatu, anaanza kucheka pasipo na kichekesho, na mezani hakuna anayeshangaa.

Baadaye, watu wakiwa wamesimama wakitafuta funguo na mikoba, ndipo kazi yenyewe inafanyika. Mwenyekiti anamvuta pembeni: usiandike tu kwamba ulijitolea, andika cheo chako na idadi ya watu uliowasimamia. Mwingine anamwambia aende kijijini wikendi moja mapema, asikwepe, na apeleke sukari, asipeleke bahasha, vinginevyo ataweka bei ya miaka yote. Ushauri huo hauna semina popote.

Utaona pia kwa nini watu hawa wanaiweza kazi hii. Aliyetumwa kujitolea katika wilaya ya ugenini hakuwa bosi wa yeyote. Hakuwa na bajeti ya kutisha watu wala mamlaka ya kufukuza mtu kazi. Kila alichofanikisha alikifanikisha kwa kubembeleza, kukumbusha na kuja kesho tena. Chama cha wanachama wasiolipwa kinaendeshwa hivyohivyo. Nimeona mameneja wazuri wa kampuni wakishindwa kabisa kuongoza chama cha watu ishirini, kwa sababu wamezoea kutoa amri na mtu aliyejitolea haamrishiki. Atasema sawa, na Jumamosi hutamwona.

Wamarekani wametutangulia katika hili, na wana kitu ambacho wengine hawana. Sheria iliyoanzisha Peace Corps mwaka wa 1961 inataja malengo matatu, na la tatu ni kuwasaidia Wamarekani kuwaelewa watu wa mataifa mengine. Yaani simulizi anayokuja nayo aliyerudi ni sehemu ya kazi aliyotumwa. Chama cha kitaifa cha waliorudi kiliundwa mwaka wa 1979, na chini yake kuna vikundi vya miji na vikundi vya nchi walikotumika, kikiwemo cha marafiki wa Kenya. Kikundi cha Madison, jimbo la Wisconsin, kimekuwa kikitoa kalenda ya kimataifa tangu miaka ya 1980, na kwa mauzo yake wamechangia miradi kwa zaidi ya dola milioni moja. Kalenda! Kazi ya kupanga picha na kufunga bahasha inafanywa na watu wenye ajira zao nyingine.

Vikundi hivyo vilipimwa Machi 2020. Kwa sababu ya korona, Peace Corps iliwarudisha nyumbani watu wake wote kwa mkupuo, zaidi ya 7,000 kutoka nchi zipatazo 60, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ianzishwe. Wengi waliondoka bila kuaga wanafunzi wao. Walifika kwao hawana kazi, na wengine hawana mahali pa kujitenga na wazazi wazee. Miongoni mwa waliowatafutia vyumba na kuwapigia simu walikuwa wale waliorudi miaka iliyotangulia. Nasi tukiwa wakweli, Norec nayo inastahili sifa, kwa sababu huchukulia kipindi cha baada ya kurudi kuwa sehemu ya mpango wenyewe. Lakini hiyo si kanuni ya kote.

Usidhani basi ni mambo ya chai na maongezi tu. Chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, muungano wa watu kumi au zaidi nchini Kenya unapaswa kusajiliwa au kupewa idhini ya kutosajiliwa. Kuna katiba ya kuandika, taarifa za kila mwaka za kupeleka kwa Msajili, na viongozi wakibadilika Msajili anatakiwa kujulishwa ndani ya siku 14. Vikundi vya mtaani vina sheria yao ya mwaka wa 2022, lakini hiyo ililenga watu wa jamii moja, wakati wanachama hawa wametapakaa kuanzia Kasarani hadi Rongai. Wakitaka kupokea fedha za wafadhili kwa miradi mikubwa, kuna sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka wa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Makaratasi yote hayo yanamwangukia katibu asiyelipwa, usiku, baada ya kutoka kazini kwake.

Si ajabu basi kwamba uchaguzi ukifika kila mtu anatazama simu yake. Anapendekezwa yuleyule wa mwaka jana, anaungwa mkono kabla hajakataa, na makofi yanapigwa haraka.

Tena kuna tatizo ambalo chama cha wakulima au cha wauza mitumba hakina. Kiongozi hodari hapa ndiye pia anayewindwa zaidi na mashirika. Ana uzoefu, ana marejeo mazuri, pasipoti yake haijaisha muda. Siku moja barua pepe inaingia: mwaka mmoja, Sudan Kusini, aripoti baada ya wiki sita. Anakwenda. Vyama vilivyowahi kuachwa hivyo vimejifunza kuwa na makamu anayejua kila kitu, watia saini watatu benki badala ya mmoja, na laini ya M-Pesa ya chama isiyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu anayeweza kuondoka kesho.