Dola milioni 4.4 si bajeti

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu ninayemheshimu, kwamba Obsidian, studio ya gemu za kompyuta, "walishalipwa na mashabiki" kutengeneza Pillars of Eternity II: Deadfire, kwa hiyo hata isingeuzwa nakala moja wasingepata hasara. Kazi yangu ni kukadiria gharama za gemu. Naomba tumalizane na hili.

Kampeni ilifunguliwa Januari 2017 kwenye Fig, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha pesa za gemu. Lengo lilikuwa dola milioni 1.1, likafikiwa kabla siku haijaisha, na mwezi uliofuata kampeni ikafungwa na dola 4,407,598 kutoka kwa watu 33,614. Gemu ikatoka Mei 2018. Sawa. Sasa tupige hesabu. Kwa studio za Marekani, makadirio ya harakaharaka ni dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi: mshahara, bima, pango, kompyuta, leseni. Obsidian wako Irvine, California, ambako maisha si rahisi. Chukua timu ya watu 40, kwa mfano tu. Milioni 4.4 zinakwisha ndani ya miezi kumi na mmoja. Na hapo sijakata ada ya jukwaa, makato ya kadi, wala gharama za kutengeneza na kusafirisha masanduku ya zawadi. Waigizaji wa sauti sijawagusa, na Deadfire ni ile gemu ambayo mazungumzo yake yalirekodiwa yote, maelfu kwa maelfu ya mistari.

Tunafikiri kama kamati ya harusi: zikikusanywa milioni tano, sherehe ni ya milioni tano, na kikibaki chochote mwenyekiti amekula. Gemu haitengenezwi hivyo.

Linalonikera zaidi ni hili. Fig haikuwa Kickstarter nyingine. Kickstarter unatoa pesa, unaahidiwa nakala, basi. Fig waliweka makundi mawili ndani ya kampeni moja: wachangiaji waliotaka gemu, na wawekezaji walionunua hisa zilizotolewa na Fig wenyewe, si Obsidian, hisa ambazo malipo yake yalitegemea mauzo ya gemu hiyo. Jumla iliyotangazwa ilichanganya yote mawili. Maana yake sehemu kubwa ya zile milioni 4.4 ilikuwa pesa ya watu wanaosubiri irudi na faida juu. Anayesema "wasingepata hasara" awatafute hao awaambie. Halafu yupo bingwa mwingine: anagawa jumla kwa idadi ya watu, anapata dola 131 kwa kila mmoja dhidi ya 54 za gemu ya kwanza, Pillars of Eternity, kisha anatangaza kwamba mapenzi ya mashabiki yamepanda zaidi ya maradufu. Jamani. Amemchanganya mnunuzi wa nakala na mnunuzi wa hisa, akatupa wastani wa mtu asiyekuwepo duniani.

Malengo ya nyongeza, yaani vitu ambavyo studio huahidi kuongeza michango ikivuka kiwango fulani, nayo watu huyaita zawadi. Mimi huyaandika kwenye safu ya madeni. Pillars ya kwanza, iliyochangiwa Kickstarter 2012 ikatoka Machi 2015, iliahidi mji mkubwa wa pili, ngome ya mchezaji na mahandaki ya ngazi 15 wakati usanifu wenyewe bado mbichi. Vyote vilitolewa. Lakini mji si michoro tu. Ni wahusika, visa, maduka, mapigano, na mtu wa kuujaribu kila kona. Pesa ya lengo hilo hulipa sehemu. Inayobaki hutoka mfukoni mwa studio.

Kwa gemu ya pili, hoja inayorudi ni kwamba injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ipo, zana zipo, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha. Zana zinasaidia, sikatai. Ila Deadfire inakubali uingize maamuzi yako ya gemu ya kwanza, na wahusika Edér, Aloth na Pallegina wanarudi wakiyakumbuka. Kila uamuzi unaokumbukwa ni mistari mingine ya kuandika, kurekodi, kutafsiri na kupima, na wachezaji wengi hawataiona kamwe. Kwenye video ya kuombea michango hilo halionekani.

Basi kampeni ni ya nini? Inaonyesha kwamba wanunuzi wapo, inatangaza gemu mapema, na inaleta pesa ambayo mchapishaji hadai umiliki kwa ajili yake. Si haba.

Sasa penye ugumu. Wachangiaji walishuka kutoka 73,986 wa Pillars ya kwanza hadi 33,614 wa Deadfire, na siku zote nimewajibu wanaopiga kelele kwamba ni jukwaa tu, Fig haikujulikana kama Kickstarter. Nina ushahidi kutoka mfululizo mwingine wa gemu: Wasteland 2 ilipata watu zaidi ya 61,000 Kickstarter mwaka 2012; Wasteland 3, Fig mwaka 2016, haikufika 20,000, ingawa pesa hazikupungua. Lakini studio ya Larian walibaki Kickstarter, wakapanda kutoka wachangiaji 19,541 wa Divinity: Original Sin hadi 42,713 wa gemu ya pili, na Divinity: Original Sin II ikauza nakala zaidi ya milioni moja kabla ya mwaka 2017 kwisha. Deadfire ilisifiwa na wahakiki, mwanzoni ikauzika vibaya, na mwongozaji wake Josh Sawyer alisema wazi kwamba hajui sababu. Je, ile nusu iliyopotea ilikuwa inatuambia kitu? Labda. Mifululizo mitatu ya gemu haitoshi kujenga kanuni, na mimi bado naamini jukwaa lilichangia, ila siapi tena.

Hata hivyo kipimo chenyewe hakipo tena. Novemba 2018 Microsoft walitangaza kuinunua Obsidian, na gemu yao Avowed, iliyotoka Februari 2025 katika ulimwengu uleule wa Eora, haikuomba mtu yeyote senti.