Visukuku vya kamba wa maji baridi: tazama chini ya mkia

Wengi wanaotutembelea hapa makumbusho, Nairobi, wanamfahamu kamba mwekundu wa Naivasha, na huuliza kama mababu zake wamo katika mawe yetu. Hawamo. Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Ziwani aliletwa mwaka 1970. Afrika bara haina kamba wa asili wa maji baridi, ilhali Madagascar inao, wa jenasi ya Astacoides, wasiopatikana kwingine kokote.

Kichwa na kifua cha kamba vimeungana chini ya gamba moja linalofunika pia matamvua. Nyuma kuna pingili sita, kisha mkia uliotanda kama upepeo. Ana jozi tano za miguu. Tatu za mbele huishia kwa magando. Gando la kwanza ndilo nene zaidi, kwa hiyo mara nyingi ndilo pekee linalosalia mwambani.

Gando pekee halitoshi kumtambulisha mwenyewe. Ukoo wake husomwa kwenye vijiguu vilivyo chini ya zile pingili. Kwa madume wa kaskazini mwa dunia, jozi ya kwanza imegeuka kuwa viungo vya kupitishia mbegu. Kamba wa kusini, familia ya Parastacidae, hawana jozi hiyo kabisa. Ndiyo maana ninavithamini mno visukuku vya kamba aitwaye Cricoidoscelosus kutoka Liaoning, China, vya Kretasia ya awali, enzi za dinosaria: tope laini la ziwa lilihifadhi hata vijiguu.

Hali kama hiyo ni nadra. Kamba anapokaribia kujivua gamba hurudisha sehemu ya chokaa yake mwilini na kuiweka tumboni kama vijiwe viwili; akishajivua, mara nyingi hulila gamba lenyewe. Kinachobaki kwa wingi zaidi ni mashimo aliyochimba.

Mwaka 2008 wanasayansi walieleza kamba wa kale, Palaeoechinastacus australianus, kutoka Victoria, Australia, pia wa Kretasia ya awali. Ni wa kundi la kusini, lile la Madagascar, New Zealand na Amerika Kusini, nchi zilizowahi kushikamana na Afrika. Kwangu, pengo la bara letu katikati ya ukoo huo ni fumbo linalostahili kutafutiwa jibu.

Ukiona umbo la mnyama kwenye jiwe la ziwa la kale, usilikwangue wala kuliosha. Vijiguu hung'oka kwanza. Lipige picha pamoja na rula, andika mahali lilipo, uliache hapo, kisha utujulishe. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006.