Ufasaha wa kuzungumza haumfanyi mtu kuwa mwelimishaji rika

Kila tunapopanga mafunzo ya waelimishaji rika, yaani watu wanaowaelimisha wenzao kuhusu VVU, katika mialo (vituo vya kushushia samaki) ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, tunakabidhiwa orodha ya majina iliyokwisha kuandaliwa, na sababu ni ileile: hawa wamemaliza kidato cha nne na wanajua kuzungumza mbele za watu. Juzi nimeisikia tena, na safari hii nimeona niandike. Imani kwamba kazi hii inataka msemaji hodari aliyekariri mada za VVU inawanyima watu njia ya kuzifikia huduma.

Mada zenyewe hazina tabu kubwa. Njia za maambukizi, kipindi cha dirisha (muda ambao kipimo bado hakionyeshi maambukizi mapya), PEP (dawa za kuzuia maambukizi baada ya kuwa hatarini) ndani ya saa 72, PrEP (dawa za kujikinga kabla), tohara, matumizi sahihi ya kondomu: haya mshiriki makini huyashika katika siku chache. Kinachokula muda ni kumfundisha asikilize.

Katika igizo dhima, mshiriki mmoja huwa mwanamke anayeanika dagaa, naye huuliza: “Kaka, mtu akimeza dawa vizuri, bado anaambukiza?” Msemaji hodari hujibu papo hapo, tena kwa usahihi, kwamba mwenye kutumia ARV, dawa za kufubaza VVU, ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Kisha huhamia mada inayofuata. Hajajua anayeulizwa habari zake ni nani. Huenda ni mume aliyekutwa na vidonge kwenye begi. Huenda ni muulizaji mwenyewe, aliyehama kambi bila barua ya uhamisho kutoka CTC yake, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na sasa dawa zimemwishia. Huyu wa pili jibu sahihi halimsaidii kitu. Anahitaji mtu wa kumpeleka kliniki kesho asubuhi na kumtunzia siri. Kwa hiyo igizo hilo nalirudia hata nusu siku, mpaka mshiriki aweze kusema, “Dada, nieleze zaidi,” kisha anyamaze.

Mkoa wa Mwanza wenyewe umetupa funzo. Mradi wa MEMA kwa Vijana, uliofanyiwa utafiti katika jamii 20 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ulitumia pia waelimishaji rika shuleni. Uelewa wa vijana uliongezeka, lakini utafiti haukuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yalipungua, hata walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008. Kabla ya hapo, kati ya 1991 na 1994, kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya na zahanati za mkoa huohuo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Tafiti za Rakai na Masaka nchini Uganda hazikupata matokeo kama hayo, hivyo sidai kwamba huduma peke yake inatosha. Ninachodai ni kwamba maarifa peke yake hayatoshi.

Rika nalo si umri tu. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na kulala mchana. Mbalamwezi ikitawala, hupumzika. Kumwita kwenye mkutano saa nne asubuhi baada ya usiku wa kuvua ni kumkosea heshima, na kijana asiyewahi kukanyaga mtumbwi hawezi kuliona hilo hata kama wamezaliwa mwaka mmoja. Ndiyo maana, katika kuchagua washiriki, sisi huwauliza watu wa mwaloni: ukiona kidonda sehemu za siri leo usiku, utamwambia nani kwanza? Majina yanayojirudia mara nyingi ni ya mama lishe na wapishi wa kambi. Asiyejua kusoma tunamfundisha kwa picha na kwa mazoezi.

Njia hii nayo ina mashaka. Anayeaminiwa na wengi anaweza pia kuwa mvujishaji wa siri za wengi, na sijapata kipimo cha kumtambua kabla ya mafunzo. Wavuvi huhama kufuata dagaa, nao waelimishaji wetu huhama nao, wakati mwingine kwenda visiwa visivyo na CTC. Isitoshe, fomu tunazojaza zinahesabu watu waliofikiwa na kondomu zilizogawiwa, wala hazina safu ya mtu aliyesindikizwa akafika kliniki. Safu hiyo tumeanza kuichora wenyewe kwa rula, na ndiyo ninayoisoma kwanza kila mwisho wa mwezi.