Asbestosi na neno "sumu"

Paa la asbestosi likitajwa, iwe kwenye kikao cha wazazi Arusha au kijiweni kwa mafundi Moshi, hatakosekana wa kusema "ile ni sumu." Anayesema hivyo ana nia njema, na hatari anayoionya ni ya kweli. Lakini neno lenyewe linawapotosha watu, tena kwa njia mbili zinazopingana.

Kwanza maana, kwa ufupi. Asbestosi ni jina la kundi la madini sita ya asili yanayochambuka kuwa nyuzi. Yaliyotumika zaidi ni matatu: nyeupe (krisotili), kahawia (amosaiti) na ya bluu (krosidoliti). Yote husababisha saratani. Anayekwambia nyeupe haina neno, usimsikilize. Lile bati zito la kijivu lililoezeka kota na madarasa ya zamani ni saruji iliyochanganywa na nyuzi hizo, kwa kawaida kama sehemu moja kwa kumi. Nyuzi huipa saruji nguvu, na saruji huzishika nyuzi zisiruke. Hili la kushikwa ndilo linalosahaulika.

Sumu tunayoijua sisi huyeyuka, huingia kwenye damu, na hudhuru kwa kuguswa au kunywewa. Ukiiwahi, pengine ipo dawa ya kuitangua. Asbestosi haifanyi kazi hivyo. Unyuzi wake ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, hauonekani kwa macho, hauna harufu wala hauwashi. Ukivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa huko. Chembe za ulinzi za mwili hujaribu kuumeza, zikashindwa kwa sababu ni mrefu kuliko zenyewe, na uvimbe unaotokana na mapambano hayo huendelea miaka na miaka. Pafu hupata makovu na kukakamaa. Huo ni ugonjwa wa asbestosisi. Au huja saratani ya mapafu, au mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Mesothelioma huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi kuvutwa. Kwa mvuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu hupanda maradufu na zaidi.

Sasa tazama neno "sumu" linavyoharibu. Mmoja husema: mzee wetu amelala chini ya paa hilo tangu ujana wake na ni mzima, basi hakuna sumu. Kweli mzee ni mzima, kwa kuwa bati lake halijavunjwa wala kusagwa, na hewa ya chumbani mwake huenda haikuwa na nyuzi za kutisha. Hilo halimlindi kijana wa dishi au wa sola anayepanda leo na dirili. Kibarua naye akishashusha paa hununuliwa maziwa, kwamba yataondoa sumu. Maziwa huenda tumboni, nyuzi ziko mapafuni. Nasikitika kila ninaposikia ushauri huo, kwa sababu anayeupokea huona ameshalindwa, akavua hata kitambaa alichojifunga puani.

Mwingine husema: ni sumu, basi ing'olewe leo. Hapo huitwa vijana wenye nyundo, vipande hutupwa chini kutoka juu, ua hufagiwa kwa ufagio mkavu, na mabaki huchukuliwa kuezekea banda la kuku. Paa lililokuwa limetulia limegeuzwa vumbi kwa siku moja, na vumbi hilo limerudi nyumbani kwenye nguo za kazi. Hata wasiwasi wa maji ya mvua yanayokingwa toka kwenye paa la aina hiyo hutokana na neno hili. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha juu cha asbestosi kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa ushahidi wa madhara kwa kumeza haujasimama. Njia ya hatari inayojulikana ni pua.

Kutambua? Bati la asbestosi ni nene, halishikwi na sumaku, ukiligonga linatoa sauti nzito ya saruji, na kwa mvua zetu za mlimani mara nyingi lina kuvu. Likivunjika, pembeni huweza kuonekana nyuzinyuzi. Ila bati jipya la saruji lenye nyuzi za mimea hufanana nalo sana, kwa hiyo jicho peke yake halithibitishi. Maabara ndiyo huthibitisha. Hadi hapo, jengo la zamani lichukuliwe kuwa nayo. Uingereza yenyewe haikupiga marufuku ile nyeupe hadi 1999, na Afrika Kusini 2008, hivyo hata jengo la miaka ya 1980 au 1990 haliko salama kwa umri tu. Usisahau mabomba ya maji, matangi, bodi za dari, na hasa zile sufi zilizovikwa mabomba ya mvuke. Sufi hizo ni hatari kuliko bati, kwa kuwa hakuna saruji inayozishika: zinapukutika kwa kidole.

Bati zima, lisilopasuka, mara nyingi ni bora liachwe, lipakwe rangi ya kuziba, likaguliwe kila mwaka, na kila fundi aambiwe kabla hajapanda. Lisitobolewe, lisikatwe kwa grenda, lisisuguliwe kuvu kwa brashi ya waya. Likichakaa litolewe na wanaojua kazi: lilowanishwe, bolti zifunguliwe taratibu, bati lishushwe zima na kufungwa kwenye nailoni nzito. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ile ya kuchuja vumbi laini, daraja la P3. Mabaki ni taka hatarishi, na NEMC (baraza la taifa la mazingira) na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) ndio wa kuulizwa kabla ya kazi kuanza, si baada ya lori kuondoka.

Kwa hiyo mjumbe wa kamati ya shule akisimama na kusema paa letu lina sumu, asizomewe. Aulizwe tu limepasuka wapi, na ni nani anayepanga kulitoboa.