Tuzo za kimataifa za vipindi vya ukweli: majaji wanaangalia nini hasa?

Watu wengi wakisikia kituo fulani kimeshinda tuzo ya kimataifa wanafikiri ni mambo ya sauti nzuri, studio kali na kamera za bei mbaya. Sisi tunaofundisha utangazaji swali hili tunaulizwa kila mara, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu kidogo. Kwenye vipindi vya ukweli, yaani habari, uchunguzi, dokumentari na makala za redio, kinachopimwa kwanza ni ushahidi. Hicho unachotuambia umekijuaje? Hapo ndipo kazi nyingi zenye picha nzuri zinapokwama.

Chukua mfano huu. Julai 2018 ilizagaa mitandaoni video ya wanajeshi wanawaswaga wanawake wawili na watoto wawili, kisha wanawapiga risasi. Serikali ya Kameruni mwanzoni ikasema ni uzushi. Timu ya BBC Africa Eye ikakaa na ile video kipande kwa kipande, wakachukua ule mstari wa milima unaoonekana kwa nyuma wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakapajua mahali penyewe, karibu na Zelevet kaskazini mwa nchi, halafu wakalinganisha majengo yanayoonekana na picha hizo za setilaiti, wakapima na vivuli vya wale wanajeshi wakiwa wanatembea, na kupata kwamba ilikuwa kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Kazi hiyo ikapata tuzo ya Peabody, na mwaka 2020 wanajeshi wanne wakahukumiwa miaka 10 jela. Kilichosema pale ni mlima na kivuli, mtangazaji hakuhitaji mbwembwe yoyote.

Hiyo Peabody inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, na washindi wa kwanza walitangazwa 1941, enzi za redio tupu. Utaratibu wake mimi naupenda sana, majaji wanajadili kazi moja moja na lazima wakubaliane wote, ile ya wengi wape haipo. Jaji mmoja akisema hapa sijaridhika, kazi haipiti. Prix Italia nayo ilianzishwa na RAI, shirika la utangazaji la Italia, kule Capri mwaka 1948, nayo kwa redio tu, televisheni ikaja kuongezwa 1957. Zipo pia duPont za Chuo Kikuu cha Columbia, Emmy za Kimataifa, na zile za AIB, chama cha watangazaji wa kimataifa, ambazo zinaangalia vipindi vya ukweli tu, vya redio na vya televisheni.

Redio isidharauliwe jamani. Makala ya redio ikishindanishwa kwa lugha ambayo majaji hawaijui huwa inaambatana na maandishi ya tafsiri, jaji anasikiliza huku anafuata kwenye karatasi. Sasa hapo ukimya wa mtu kabla hajajibu, mlango unaofungwa, pumzi, vyote vinasikika bila tafsiri. Ndio maana mtayarishaji anayekata kila ukimya ili kipindi kiende haraka anajinyima mwenyewe.

Kuhusu pesa, hapa watu wanapigwa. Tuzo nyingi za kweli zinatoza ada ya kushiriki, hilo peke yake sio utapeli, ila unalipa kabla ya kazi kusikilizwa na unaweza kukosa kabisa. Ukiletewa barua pepe inasema umeshinda kitu ambacho hukuomba, tuma hela tukuletee kikombe, hiyo ni biashara ya vikombe tu.

Na wewe msikilizaji ukiambiwa kipindi ni cha tuzo, uliza tuzo gani, mwaka gani, kundi gani, kisha tafuta orodha ya washindi kwa wenye tuzo wenyewe. Angalia pia kama wameandikwa mshindi au mteule, yaani aliyeteuliwa kuwania tu, maana vituo vinapenda kuyachanganya hayo mawili kwenye matangazo yao.