Chuma na dhahabu ndani ya karai moja

Kamituga, mji wa dhahabu mashariki mwa Kongo, iko kilomita kama 180 kutoka Bukavu, ila wakati wa mvua usihesabu kilomita, hesabu siku. Nikifika, mimi mwanajiolojia, kitu cha kwanza ninachokitazama ni karai. Mchanga ukioshwa na kuoshwa, mwishoni unabaki ule mweusi unaong'aa. Huo ni madini ya chuma. Mchimbaji anapitisha sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, weusi unairukia, na chini inabaki chembe ya manjano isiyofikia kichwa cha njiti ya kiberiti. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, madini hayo ya chuma mara 5. Mchanga wa kawaida hata 3 haufiki, ndiyo maana umeshakwenda na mto.

Wazee wa zamani waliutaka ule mchanga mweusi. Chuma kilikuwa shoka, jembe na mkuki. Kwa Walega, wenyeji wa huku, mtu wa cheo katika Bwami, chama chao cha kimila, alijulikana kwa pembe za ndovu na kauri. Dhahabu ilikanyagwa tu.

Kisha ikaja kampuni ya wakoloni, Minière des Grands Lacs, MGL, iliyoanzishwa 1923. Walianza na changarawe za mito, baadaye wakaifuata mishipa ya mawe meupe, kwatzi, chini ya ardhi kule Mobale. Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine zikaunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Mwaka 1982 Mobutu akaruhusu raia kuchimba. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na SOMINKI ilitegemea bati pia. Vita vikamalizia. Ilivunjwa 1997.

Vyeo vyake havikuvunjwa. Mwenye shimo mpaka leo anaitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa, hata kama shimo lenyewe anaingia kwa kutambaa. Akina mama wanaoponda mawe wanaitwa twangaise: kutwanga kwetu, mkia wa Kifaransa.

Mmoja wao alinionyesha mchi wake, chuma cha gari. "Ona, ingenieri, nilipoununua ulinifika kiunoni." Sasa unaishia gotini. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma. Kila pigo linaula mchi kidogo, na unga wake unachanganyika na unga wa mawe. Kwa hiyo sehemu ya weusi ule unaorukia sumaku kwenye karai lake haikutoka mlimani. Ni mchi wake.