Uchanganuzi wa mwendo kwa vihisi vya kuvaliwa

Uchanganuzi wa mwendo ni kupima na kuchambua jinsi mtu anavyotembea: urefu wa hatua zake, kasi yake, na kama mguu wa kulia unakwenda sawa na wa kushoto. Maabara hutumia kamera nyingi na mabamba ya sakafuni yanayopima nguvu ya kukanyaga. Vipimo hutoka sahihi sana, ila mtu anayejua anatazamwa hatembei kama akiwa kwenye shughuli zake. Kihisi cha kuvaliwa ni kidogo, hufungwa kwenye kiatu, muundi au kiunoni kwa nyuma, na mtu hushinda nacho kutwa.

Kihisi hicho, hata hivyo, hakioni hatua. Ndani yake mna akselerometa, inayopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka. Vyote viwili hutoa namba tupu, mara nyingi takriban 100 kwa sekunde, na hatua hutafutwa humo. Kisigino kikigonga ardhi, mchapuko huruka ghafla. Muundi ukipita mbele mguu ukiwa hewani, jairoskopu huonyesha kilele. Tangu kisigino kiguse chini hadi kiguse tena ni mzunguko mmoja, kama sekunde moja hivi. Kwa kawaida mguu huwa chini takriban asilimia 60 ya muda huo.

Kazi ipo kwenye urefu wa hatua. Ili kupata kasi, mchapuko hujumlishwa nukta kwa nukta. Ili kupata umbali, kasi nayo hujumlishwa. Kosa dogo mwanzoni huzaana, na baada ya dakika chache hesabu inaweza kudai umevuka mtaa mzima nawe umekaa kitini. Dawa yake, nionavyo mimi, ndiyo hila tamu kuliko zote katika fani hii: unyayo unapotulia ardhini kasi yake ni sifuri, basi hapo hesabu hurekebishwa na kuanza upya, hatua baada ya hatua. Saa ya mkononi haina bahati hiyo, kwa kuwa mkono hautulii kwa mpangilio.

Tabibu hatazami wastani peke yake. Muda wa hatua ukibadilika-badilika mno kwa mzee, hatari ya kuanguka huwa kubwa zaidi. Ugonjwa wa Parkinson hufupisha hatua na kupunguza mkono kupunga. Kiharusi mara nyingi huacha upande mmoja nyuma. Lakini hatua fupi huweza pia kuletwa na goti linalouma, sakafu inayoteleza au woga tu, na namba hazitaji sababu.

Tena programu nyingi zilifunzwa kwa mwendo wa watu wenye afya. Anayeburura mguu hagongi kisigino, kilele hakitokei, na hatua zake hupita bila kuhesabiwa. Kwa hiyo wanaohitaji kipimo hiki zaidi ndio kinaowakosea zaidi.